Daftari la Mahudhurio: Mwongozo Kamili kwa Kocha Anayetaka Watoto Wabaki Mchezoni

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha mpira watoto wa chini ya miaka 13, nilianza msimu na watoto 31. Ulipoisha nilikuwa na watoto 14 na kikombe mkononi. Mtaa mzima ulinipongeza. Wiki mbili baadaye nilikwenda dukani kwa Mangi kununua vocha, nikamkuta mmoja wa wale 17 walioondoka: winga wa kushoto, mtoto mwenye chenga kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Aliponiona alirudi nyuma ya kreti za soda, akasimama hapo kimya mpaka nikaondoka.

Ningeweza kusema ameuchoka mpira. Lakini jioni ileile nilimwona uchochoroni anacheza chandimu na wenzake, peku, anacheka. Aliyekuwa amechokwa ni mimi.

Mwongozo huu ni wa kocha wa mtaani, mwalimu wa michezo shuleni, dada anayefundisha netiboli, yeyote mwenye filimbi na kundi la watoto wa miaka 8 hadi 16. Mifano mingi ni ya mpira wa miguu kwa sababu ndio niujuao, ila hatua ni zilezile kwa riadha, kikapu au wavu. Usizifanye zote kwa wiki moja. Anza na mbili za mwanzo, ndizo zitakazokuonyesha kwako kunavuja wapi.

Hatua ya 1: Hesabu wanaobaki

Nunua kaunta buku. Majina yateremke kushoto, tarehe ziende juu, na kila siku ya mazoezi weka vema kwa aliyekuja. Mtoto akikosa mara tatu mfululizo, lizungushie jina lake duara. Makocha wengi tunakumbuka matokeo ya mechi za miaka minne iliyopita, lakini tukiulizwa nani alikuwa nasi mwezi Machi na sasa hayupo, tunababaika.

Kisha uliza sababu. Hapa pana ugumu wa kwetu. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mtu mzima usoni, "Ulinifokea mbele ya watu." Atasema mama kamkataza, viatu vimechanika, au anajiandaa na mtihani. Mara nyingine ndivyo ilivyo kweli, na viatu vikiwa ndio tatizo basi tafuta viatu. Ila ukitaka kuyajua yaliyofichika, tumia karatasi. Kata vipande, gawa kalamu, waambie wasiandike majina. Upande mmoja waandike jambo linalowafanya wapende kuja mazoezini, upande wa pili linalowafanya siku nyingine wasitamani. Kapteni akusanye, wewe kaa mbali. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, kipande kimoja kilikuwa na maneno matatu tu: "Kocha anapiga kelele." Nilikigeuza. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Mwaka 2014, Amanda Visek na wenzake wa Chuo Kikuu cha George Washington, Marekani, walieleza matokeo ya kuwauliza watoto wanaocheza soka ni nini hasa kinaufanya mchezo uwe raha. Yalipatikana mambo 81. Kujituma, kuwa mwanamichezo mwema na kutendewa vizuri na kocha vilikuwa juu kabisa. Kushinda kulikuwa nafasi ya 48. Asikudanganye mtu, mtoto anataka kushinda; mwone anavyolia akifungwa. Lakini akifungwa Jumamosi, Jumatatu atakuja. Akiaibishwa Jumamosi, Jumatatu atakuwa na kazi nyumbani.

Hatua ya 2: Jisikilize dakika 20

Washa kinasa sauti cha simu, itie mfukoni, ufundishe kama kawaida yako. Usiku sikiliza dakika 20 ukiwa na karatasi yenye safu nne: nimesifia, nimeelekeza namna ya kufanya, nimemtia moyo aliyekosea, nimefoka au kukejeli. Piga kijiti kwa kila tukio. Usimwonyeshe mtu, na ukimaliza ifute, maana kuna sauti za watoto humo.

Jiandae kushangaa. Miaka ya 1970, Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, waliwafuatilia makocha 51 wa besiboli ya watoto, wakiandika kila walichofanya uwanjani, kisha wakazungumza na wachezaji wao 542. Makocha hawakujua sawasawa walikuwa wakifanya nini na mara ngapi. Watoto walijua kuliko wao. Na idadi ya mechi ambazo timu ilishinda haikuwa na uhusiano na jinsi watoto walivyompenda kocha. Waliotofautiana zaidi katika kumpenda au kumchukia, kulingana na alivyowatendea, ni watoto wanaojidharau. Yaani yule mnyonge unayemfokea kwa kuwa hajibu ndiye anayebeba mzigo mzito kuliko wote.

Baadaye waliandaa mafunzo ya kama saa mbili na nusu kwa makocha. Matokeo ya jaribio lao moja yalichapishwa mwaka 1992: msimu uliofuata, kwa makocha waliofunzwa watoto 5% hawakurudi, kwa makocha wasiofunzwa, 26%. Timu za kundi la kwanza hazikuwa zimeshinda mechi nyingi zaidi ya zile nyingine. Niliposoma hayo nilichukua karatasi nikajaribu kuandika majina ya wale 17 wangu. Niliwakumbuka 12.

Hatua ya 3: Jua mtoto anatafuta nini

Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walitumia maisha yao ya kazi kuchunguza kwa nini mtu hudumu kwenye jambo bila kusukumwa. Jibu lao lina nguzo tatu, na ukizijua huhitaji nadharia nyingine: mtu ajione ana sauti katika anachofanya, ajione anaweza na anazidi kuweza, ajione yuko na watu wanaomjali. Kila neno lako uwanjani linajenga au linabomoa mojawapo.

Ukali unatudanganya kwa sababu wiki ya kwanza unafanya kazi. Huko Kanada, watafiti waliwafuatilia waogeleaji 369 kwa miezi 22. Waliokuwa wakiogelea kwa sababu wangejisikia vibaya kuacha waliendelea kuonekana bwawani miezi kumi ya mwanzo. Kufikia mwezi wa 22 nguvu hiyo ilikuwa imekwisha. Waliodumu ni wale ambao kuogelea kulikuwa kwao wenyewe, na hao ndio waliosema makocha wao huwapa nafasi ya kuamua. Kocha anayefoka huona matunda upesi, ndiyo maana haachi. Hasara yake inakuja wakati keshasahau alisema nini.

Hatua ya 4: Zitawale sekunde tano baada ya kosa

Ukichukua hatua moja tu katika mwongozo huu, ichukue hii.

Kipa wa miaka 11 amepigwa tobo. Mpira wa kawaida, ulioteleza, umempita kati ya miguu. Mtazame. Kabla hajaufuata mpira nyavuni, kabla hajawatazama mabeki wake, anakutazama wewe. Watoto wote hufanya hivyo. Anza kuangalia utaona. Anataka kujua kosa lake lina ukubwa gani, na jibu atalisoma kwenye mwili wako kabla hujafungua mdomo.

Kwa hiyo anza na mikono. Usishike kichwa, usipige paja, usigeuke kulitazama benchi. Ibaki ilipo, au piga kofi mbili za kumwita arudi mchezoni. Hili linahitaji mazoezi kama pasi zinavyohitaji. Mimi nilikuwa nashika daftari kwa mikono miwili mechi nzima ili nisipate wa kurushia.

Halafu amua: analijua kosa au halijui? Kama analijua, na mara nyingi analijua, huna cha kufundisha. "Twende kipa, inayofuata," basi. Kumweleza tena kosa alilolihisi mwili mzima si kumfundisha.

Kama hajui namna ya kulirekebisha, ngoja mapumziko au mazoezi yanayofuata. Msogelee, chuchumaa macho yenu yalingane, sema kwa sauti ya kusikika na yeye peke yake. Anza na alichofanya sawa, fuatisha jambo moja la kubadili, malizia na faida atakayoipata. "Ulitoka golini kwa wakati. Ukidaka mpira wa chini, goti moja liguse ardhi, likae nyuma ya mikono. Hapo hata ukikuteleza utagonga goti, hauingii." Smith na Smoll waliwafundisha makocha wao mpangilio huohuo. Jambo moja. Ukimpa manne ataondoka na sifuri.

Kisha, siku hiyohiyo kama inawezekana, mpe mpira uleule. Mpigie mwenyewe mipira kumi ya chini, taratibu kwanza, mpaka aidake mitatu mfululizo. Asirudi nyumbani na lile tobo kama kumbukumbu ya mwisho.

Kuna maneno ya kuyafuta kabisa kinywani. "Nilikwambia nini?" ni swali lisilo na jibu. "Mwenzako mdogo kuliko wewe anaweza" linamtafutia mtoto adui ndani ya timu. "Unacheza kama msichana" linawaumiza wawili kwa mpigo, na dada yake yuko pembeni ya uwanja amelisikia.

Sifa nazo zina utaratibu wake. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa kuwa na akili walikwepa kazi ngumu baadaye na walivunjika moyo waliposhindwa, kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Uwanjani neno lenyewe ni "kipaji". Ukimwambia mtoto kila siku ana kipaji, siku atakayochemka atajua kimekwisha. Mwambie ulichokiona: "Leo umetumia mguu wa kushoto mara tatu. Mwezi uliopita hukuwa unathubutu."

Hatua ya 5: Ondoa kichura

Kichura, pushapu, raundi kumi za uwanja. Sote tumepitia na tunadhani vilitukomaza. Fikiria kazi yako ni nini: unataka mtoto apende kukimbia. Kila unapomkimbiza kama adhabu, unamfundisha kwamba kukimbia ni kitu wanachofanyiwa wakosaji. Na dakika kumi za kichura ni dakika kumi bila mpira, katika saa moja na nusu uliyonayo kabla jua halijazama.

Aliyechelewa apange koni na kukusanya mipira baada ya mazoezi. Kabla ya hilo mwulize kwanza, huenda alikuwa anachota maji. Aliyemtukana mwenzake akae nje dakika tano, kisha aje aeleze mwenyewe kilichotokea. Fimbo haina nafasi, hata mzazi akikukabidhi. Kuna mama aliwahi kuniambia, "Mwalimu, huyu mchape tu, nimekuruhusu." Nilimjibu, "Nashukuru mama, hapa tunamweka nje ya mchezo, na hilo linamuuma kuliko fimbo." Ndivyo ilivyo, ikiwa mchezo wenyewe ni mtamu.

Hatua ya 6: Waachie maamuzi ya kweli

Usiulize "Mnataka kufanya nini leo?" Watasema mechi, na watakuwa sahihi, lakini hutafundisha. Wape chaguo kati ya vitu viwili unavyovikubali vyote: tuanze na kupiga pasi kwenye duara au tuanze na wawili kwa mmoja? Dakika kumi za mwisho wawe wao wa kupanga timu na kanuni. Kapteni wamchague wenyewe, abadilike kila mwezi, hata yule mpole apate zamu. Kwenye mapumziko ya mechi, dakika mbili za kwanza kaa kimya, uliza tu: "Wanatuzidi wapi?" Utasikia mambo ambayo wewe ukiwa pembeni hukuyaona.

Mathare, Nairobi, wapo waliolifikisha hili mbali. Mathare Youth Sports Association, iliyoanzishwa mwaka 1987, ilijengwa juu ya vijana kuendesha mambo yao: ligi, kamati, uamuzi wa mechi, hata usafi wa mitaa, ambao timu hupewa pointi kwenye msimamo wa ligi kwa kuufanya. Kijana mwenye kazi kwenye ligi haondoki kwa sababu tu amekosa namba kikosini.

Najua pingamizi: huku si ni kuwadekeza? Hapana. Muda wa kuanza ni uleule, kanuni ni zilezile, na anayezivunja anajua kitakachofuata. Ulegevu nao unawafukuza watoto, hasa wadogo, maana kwenye fujo mwenye nguvu ndiye anayecheza. Tofauti iko kwenye namna ya kuzisimamia kanuni. Kocha wa riadha Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, hakuwa mwanariadha, na anajulikana kwa kusema machache na kuwasikiliza wakimbiaji wake. Mmoja wao, David Rudisha, alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012, rekodi ya dunia. Upole wa kocha haukumpunguzia kasi.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya benchi kabla ya mechi

Mtoto anayekaa benchi wiki nne haambiwi na mtu kwamba hatakiwi. Anajiambia mwenyewe.

Chukua kalamu Ijumaa usiku. Una watoto 16, mechi ni vipindi viwili vya dakika 25. Wachezaji 11 mara dakika 50 ni dakika 550. Gawa kwa 16: kila mtoto ana kama dakika 34. Kwa walio chini ya miaka 13, huo ndio uwe msingi wako. Hakuna anayeshuka chini ya kipindi kimoja. Andika nani anatoka dakika ya ngapi na nani anaingia, uwasomee kabla ya mechi, ufuate ulichoandika hata kipindi cha lala salama mkiwa nyuma bao moja. Hapo ndipo watajua kama ulikuwa unasema kweli.

Mtaumia siku nyingine. Niliwahi kupoteza nusu fainali kwa kufuata karatasi yangu, na wanaume watatu walinifuata hadi kwenye bodaboda kunisema. Msimu ule waliondoka watoto wawili tu, mmoja kwa sababu familia ilihamia Dodoma.

Hatua ya 8: Wasichana, na miaka 12 hadi 15

Umri huu ndio tunaopoteza wengi, na kwa wasichana tunapoteza kwa mambo tunayoona haya kuyataja. Kaptula nyeupe ni mojawapo: badili rangi, chagua nyeusi au bluu ya giza, na wala usieleze kwa nini. Weka pedi kwenye mkoba wa huduma ya kwanza, mkoba ukae kwa mwanamke, awe dada wa timu, mama wa mchezaji au mwalimu wa kike. Pasipo mahali pa kubadilishia nguo, waje wamevaa. Usiseme lolote kuhusu mwili wa binti, hata la kusifu. Mazoezi yaishe mapema kiasi cha kufika nyumbani kabla ya giza na kuwahi jikoni, maana kuchelewa mara mbili tu kunatosha kumfungia mlango. Kama kocha ni mwanamume, asibaki peke yake na mtoto yeyote, wa kike wala wa kiume.

Wavulana nao umri huu hubadilika: wengine wanarefuka miezi mitatu na miguu inawapotea. Waambie itarudi. Usimshushe kikosi cha pili kwa jambo linalofanywa na mifupa yake.

Hatua ya 9: Wazazi

Kikao kimoja chini ya mwembe, dakika 20, mwanzo wa msimu. Waeleze mpango wa dakika za kucheza. Waombe pembeni ya uwanja washangilie tu, maelekezo wakuachie wewe, na wakifika nyumbani swali la kwanza liwe "Umefurahi?" kabla ya "Mmeshinda?" Chukua namba zao za simu. Kisha wapigie pia mtoto anapofanya vizuri, ili simu yako isiwe ya habari mbaya siku zote.

Hatua ya 10: Mfuate aliyeondoka

Rudi kwenye daftari, kwenye yale majina yenye duara. Nenda nyumbani kwao, mchana, mzazi akiwepo. Piga hodi, salimia, kunywa maji ukipewa. Usimtume mtoto mwenzake, na usiende na ahadi ya jezi mpya.

Kama ulikosea, liseme kosa kwa jina lake, mbele ya mzazi. Nilikwenda kwa yule winga Jumapili alasiri. Nilimwambia, "Siku ya ile penalti nilikwambia umetuuza. Nilikosea mimi. Wewe ulikuwa peke yako uliyenyoosha mkono kuipiga. Ukitaka kurudi nafasi ipo, na usipotaka sitakulaumu." Alikuwa anakwangua sakafu kwa kidole cha mguu, hakujibu. Usidai jibu. Aga, ondoka kabla dakika kumi na tano hazijaisha, na usirudi kumkumbusha.

Akija, usiwaite wenzake wampigie makofi, wala usimuulize alikuwa wapi. Asianze na penalti. Mpange kwenye zoezi lenye kugusa mpira mara nyingi na watu wachache. Wangu alichukua wiki mbili. Jumatano moja nilimwona amesimama karibu na mlingoti wa goli, bado amevaa viatu vya shule, mikono mfukoni. Nilimrushia kizibao cha njano, nikaendelea kupanga koni.